"Attention na SIDA": wimbo uliowaita wazazi

Mwaka 1987 Luambo Makiadi Franco, kiongozi wa OK Jazz, alitoa wimbo mrefu "Attention na SIDA". Kwa wengi ni wa kumbukumbu tu. Kwetu sisi walimu ni somo, na kila somo linapimwa: nini kizuri, nini kinapunguka.

Kizuri ni ujasiri. Watu wengi waliona haya kutaja ugonjwa huu. Franco aliutaja, akawaita vijana, wazazi, walimu, wahubiri na waganga. Tena alichukua muziki wa "Jackie", moja ya nyimbo zilizomtia gerezani mwaka 1978 juu ya matusi. Muziki uleule ukageuka mafundisho. Kumbe mambo ya mwili yenyewe si matusi. Inategemea namna ya kuyasema.

Kinachopunguka ni lugha kwanza. Sehemu kubwa ni Kifaransa. Mama wa hapa Luberizi anayelima muhogo, anayesema Kifuliru na Kiswahili, anaitwa lakini hasikii. Mtoto wake wa sekondari ndiye anaelewa. Pili, wimbo unatisha sana. Tunaelewa, dawa zilikuwa bado hazijatufikia. Leo zipo, na mwenye kuzikunywa vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Basi kazi inabaki kwetu wazazi. Wengi tunasema: "Mimi baba siwezi kuzungumza hayo na binti yangu, ni desturi." Kweli, katika familia nyingi mafundisho hayo yalikuwa ya shangazi ao nyanya, na desturi hiyo ilikuwa na akili, juu mtoto anaona haya mbele ya mzazi. Lakini vita vimetawanya jamaa. Shangazi yuko Bujumbura, nyanya amebaki mbali. Nafasi yao inajazwa na wenzake wa darasa, na simu, na mwanaume mwenye pesa ya minerval. Tumechunga nusu ya desturi, ile ya kunyamaza, na ile ya kufundisha tumeiacha ianguke.

Na kunyamaza kuna bei. Kisonono kinaweza kukaa ndani ya msichana bila maumivu, kisha kikaziba mirija ya uzazi. Utasa tunaouogopa sana unaweza kutoka hapo. Kaswende inapita kwa mtoto tumboni. Yote mawili yanapona, kama yamepimwa mapema. Lakini msichana anayeogopa fimbo anaenda kununua vidonge sokoni kwa kificho, anakunywa nusu, ugonjwa unabaki.

Wazazi wenzangu, hatuhitaji Kifaransa. Tumwambie mtoto, wa kike na wa kiume: kungoja si ujinga; kapoti inakinga; na ukiwa na shaka njoo kwangu kwanza, sitakupiga, tutaenda pamoja kituo cha afya. Kama baba hawezi, amtafute shangazi, hata wa jirani, amkabidhi kazi hiyo waziwazi. Franco alituita tangu 1987; kuitika ni kwetu.