Sarah Hale na Siasa ya Kunyamaza

Wapo wanaodhani kwamba mhariri asiyegusa siasa hana siasa. Maisha ya Sarah Josepha Hale wa Marekani yanaikanusha fikra hiyo potofu.

Alizaliwa New Hampshire mwaka 1788. Mumewe, mwanasheria, alifariki mwaka 1822 akimwachia watoto watano; kalamu ikawa jembe lake. Kwa hilo hatuna budi kumpa heshima yake. Mwaka 1827 alitoa riwaya ya Northwood, iliyolinganisha maisha ya Kaskazini na ya Kusini kwenye utumwa, na mwaka uliofuata akashika uhariri wa jarida la wanawake mjini Boston. Tangu 1837 hadi 1877 alihariri Godey's Lady's Book, lililofikia wanunuzi wapatao 150,000 kabla ya vita vya 1861. Alidai wanawake wapewe elimu ya juu na wasomee udaktari. Kura, lakini, aliona haiwafai.

Je, wanunuzi hao walikuwa akina nani? Walikuwa wake wa mabwanyenye wa Kaskazini, na wake wa makabaila wa Kusini pia. Mwenye jarida, Louis Godey, hakutaka kumpoteza hata mmoja. Ndiyo maana vita vile, vilivyoua mamia ya maelfu ya watu, havikupata nafasi katika kurasa zilizojaa michoro ya magauni. Na pamba je? Ililimwa na watumwa, ikafumwa Massachusetts, na nyingine ikafika hata Unguja, ambako wazee wetu waliiita merikani.

Itasemwa kwamba Hale hakuwa na njia nyingine. Hoja hiyo ni dhaifu. Lydia Maria Child, naye mwandishi wa riwaya, alianzisha jarida la watoto, Juvenile Miscellany, mwaka 1826. Mwaka 1833 alitoa kitabu cha kudai watumwa waachwe huru. Wanunuzi wakamkimbia, na mwaka 1834 akauacha uhariri. Nani alikikalia kiti chake? Hale huyo huyo.

Hale hakuusifu utumwa. Dawa yake ilikuwa kuwaelimisha watu weusi na kuwapeleka Liberia, kama alivyoandika katika kitabu chake cha 1853, ingawa wengi wao walikuwa wamezaliwa Marekani, wao na babu zao. Hivyo bwana angebaki na shamba lake, wala Kaskazini isingelazimika kumkubali mtu mweusi kuwa raia mwenzake. Child alikwisha kuipinga dawa hiyo miaka 20 kabla, katika kitabu kile kile kilichomkosesha wanunuzi.