Duara Katika Sahani: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Katika mbinu ya Teather na Wood (1982), iliyobuniwa kwa bakteria wa tumbo la ng'ombe, sahani ya agari humiminiwa "nyekundu ya Kongo". Duara lisiloshika rangi huonyesha selulosi iliyovunjwa. Istilahi hiyo itamshangaza msomaji wa Rurambo, juu ya Uvira: rangi haikutoka Kongo. AGFA ya Berlin iliiuza mwaka 1885, Mkutano wa Berlin ulipomalizika, na jina lilikuwa la kibiashara tu.

Lililo zito zaidi ni kuiita kila kuvu yenye duara "mla mti". Selulosi ya sahani kwa kawaida imegeuzwa kikemikali ili iyeyuke majini. Ya gogo haiyeyuki. Duara hudokeza endoglukanasi pekee, na upana wake hutegemea pia usambaaji wa kimeng'enya katika agari. Kuvu hiyo ipewe kwanza karatasi ya kuchujia, ionekane kama itaimeng'enya.