Uchaguzi wa Zanzibar wa 1963 na Ushahidi wa Nusu

Kila inapotajwa historia ya Zanzibar katika darsa zetu, husikika kauli mbili. Wapo wasemao kuwa serikali iliyopinduliwa tarehe 12 Januari 1964 ilikuwa halali kwa sababu ilichaguliwa. Wapo wasemao kuwa walio wengi waliporwa ushindi wao. Sisi wa Naliendele, ambao pwani yetu ya Mikindani iliwahi kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, tumezisikia zote mbili hata misikitini, na tunaona kila moja ni ushahidi wa nusu.

Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, lakini tangu 1890 ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Katika uchaguzi wa Julai 1963 viti vilikuwa 31. ASP ilipata 13, ZNP 12 na ZPPP 6. ZNP na ZPPP wakaungana, wakawa na viti 18, wakaunda serikali. Hilo ni kweli. Lakini ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote. Hilo nalo ni kweli.

Sababu haijifichi. Kila jimbo lilitoa mjumbe mmoja, na kura za ASP zililundikana katika ngome zake, ilhali wapinzani wake walishinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu, na pande mbili zikatoka 11 kwa 11. Uchaguzi uliporudiwa Juni, watu 68 waliuawa.

Basi anayesema "halali" akanyamaza juu ya asilimia 54 ameficha. Na anayesema "wizi" bila kutaja kuwa ASP iliingia uchaguzini kwa kanuni hizo hizo, naye ameficha. Sura ya al-Baqara, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi, wala haikumvua mtu katazo hilo kwa kuwa anaitetea jamaa yake.

Tena, kushinda kwa kanuni si sawa na kuridhiwa na wengi. Na kutoridhika hakuhalalishi damu ya asiye na hatia, iwe ya Juni 1961 au ya Januari 1964.

Ndugu zetu maimamu, mkilitaja jambo hili mimbarini, litajeni lote, au liacheni. Waumini wanaosimama safu moja wasigawanywe kwa nusu ya habari.

Wallahu a'lam.