Jinsi ya Kuijua Shanta Nzuri

Kutoka Jericho, Nairobi, hadi stesheni ya Makadara si mbali: unavuka Jogoo Road, unapenya mtaani, unatokea relini. Hapo njia ya Thika na Nanyuki inaachana na njia kuu ya Mombasa, na upande wa pili ni Industrial Area, ambako reli za pembeni zilitandikwa hadi malangoni mwa viwanda na maghala. Watu husubiri garimoshi la abiria. Mimi nasema tazama shanta, ile injini fupi isiyosafiri, inayokesha ikipanga mabehewa.

Usianze na nguvu. Kuvuta, hata injini mbovu huvuta. Shanta hupimwa inapokwenda polepole, na zaidi inaposimama.

Reli yetu ya zamani ina upana wa mita 1, na shanta za dizeli ambazo kampuni ya Andrew Barclay ya Kilmarnock, Scotland, iliiundia Kenya Railways miaka ya 1970 ni za aina ambayo nguvu hupitia kwenye oili ndani ya giaboksi, kisha vyuma virefu vya pembeni huyafunga magurudumu yazunguke pamoja. Kuna wanaoziita za kizamani. Waziite watakavyo; uzuri wake ni kwamba maradhi yake yako nje, mtu huyaona na kuyasikia akiwa jukwaani.

Kila chuma cha pembeni kimeshikwa na pini yenye bushi. Bushi ikiwa nzima, hutasikia kitu. Ikilika, chuma hugonga kila kinapogeuza mwelekeo. Usichanganye na mlio mwingine, ule wa taka-taka unaokwenda na kasi ya gurudumu: huo ni wa gurudumu lililopata bapa, kwa kuwa breki ilikaba likaburuzwa bila kuzunguka. Hapo mara nyingi fundi hana kosa. Mlaumu aliyekuwa kwenye mpini wa breki.

Moshi nao una maneno yake. Mweupe asubuhi, injini ikiwa baridi, uache upite. Wa bluu injini ikishapata moto unamaanisha oili inaungua. Mweusi kidogo wakati wa kung'oa mzigo si neno, ila ukiendelea hata baada ya mabehewa kushika mwendo, hewa haitoshi au nozeli zimechoka.

Sasa subiri ifuate behewa lililosimama. Shanta nzuri hulikaribia kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mita za mwisho hutambaa. Kifungio hujifunga kwa mlio mmoja mkavu, behewa likasogea kiasi cha kiganja. Ukisikia kishindo kikipokezanwa kutoka behewa hadi behewa mpaka la mwisho, kuna kasoro, na swali ni la nani. Mwangalie mtu wa bendera aliye chini. Hesabu moyoni tangu anapotoa ishara ya kusimama hadi magurudumu yanapotulia, kisha rudia na mzigo uleule. Muda ukiwa sawa kila mara, hata ukiwa mrefu kidogo, injini haina hila na dereva ameshaijua. Ukibadilikabadilika, shuku breki za upepo kabla hujamshuku mtu.

Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, ilikuja na shanta zake kutoka China, aina ya DF7G. Hizi ni za dizeli na umeme, ni kubwa, na reli yake ina upana wa milimita 1,435. Kwa misururu mirefu ya makontena ya Embakasi, zinafaa kweli. Kwenye kona kali ya lango la kiwanda, nipe ile fupi.

Mtihani uliobaki ni wa mvua. Reli ikilowa, magurudumu huteleza, na dawa yake ni mchanga mkavu unaomwagwa mbele ya gurudumu. Tazama bomba la mchanga: mdomo wake uelekee pale gurudumu linapogusana na reli, wala si kwenye kokoto. Rangi mpya ya bodi isikubabaishe. Fundi makini huuchungulia mdomo huo kabla ya kazi kuanza, kwa sababu mchanga ulioshika unyevu huganda humo humo, na dereva hatajua mpaka aanze kuteleza.