Hongera, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika

Ukisimama usiku ufukweni Kinindo, mtaa wa Bujumbura, unaziona taa za wavuvi wa ndagala zikimetameta juu ya maji yanayolinywesha jiji hilo. Samaki hajui mpaka. Ndiyo maana mwaka 2003, jijini Dar es Salaam, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa pamoja wa kulisimamia ziwa hili.

Pongezi nyingi kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura, inayosimamia kanuni za mkataba huo: anayechafua agharamie, na wananchi washirikishwe. Burundi nayo, kwa sheria ya maji ya 2012, ilitenga ukanda wa meta 150 kandokando ya ziwa. Mwenye jumba, hoteli au mtumbwi, sote tuuheshimu.