Kwanza Isimame

Pikipiki mpya ikitoka dukani mjini Morogoro, haimalizi wiki bila kupambwa. Bampa, keria, vioo vya ziada, taa za rangi chini ya siti, honi yenye sauti ya lori. Hata kijana aliyeichukua kwa mkataba, anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, atajibana mpaka apate hela ya spika. Simlaumu. Chombo unachoshinda juu yake tangu alfajiri nacho kinataka uzuri. Ila ninayemvulia kofia ni fundi wa chini ya mwembe ambaye akiambiwa "nifungie spotilaiti," hashiki spana. Anauliza kwanza: unafanya kazi wapi?

Jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu. Anayepakia abiria kati ya Msamvu na Kihonda ana shida zake. Anayefuata ndizi Kinole, juu milimani Uluguru, ana nyingine kabisa, hata kama wote wawili wanaendesha Boxer ya injini ileile.

Baada ya swali huja ukaguzi, na hapo ndipo penye utamu wa kutazama. Fundi anabana breki ya mbele, anaisukuma pikipiki mbele na kuirudisha, akisikiliza kama shingo ya usukani inagonga. Anashika gurudumu la nyuma na kulitikisa kushoto na kulia. Likicheza, beringi au bushi zimechoka. Anainua cheni kwa kidole kimoja katikati ya sproketi mbili. Kisha anazungusha gurudumu taratibu na kuinua tena, kwa sababu cheni iliyochakaa hulegea mahali pamoja na kukaza pengine. Mteja anadhani fundi anapoteza muda. Kumbe orodha ya kazi imeshapangika kichwani mwake, na spotilaiti zimeshuka hadi nafasi ya nne.

Cha kwanza ni kusimama. Pikipiki nyingi za kazi huku zina breki za ngoma mbele na nyuma, na madereva wengi huiogopa ile ya mbele wakiamini itawarusha. Basi wanaiacha ilegee mpaka ife, wakategemea mguu wa kulia peke yake. Fundi anajua kwamba pikipiki ikifunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye uwezo mkubwa wa kuisimamisha. Anajua pia kwamba mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 60, nishati inayotakiwa kuzimwa haiongezeki kwa nusu. Inakuwa mara mbili na robo. Anafungua ngoma, anapuliza vumbi, anapiga msasa breki shuu zilizong'aa, anabadilisha waya uliochanika. Gharama yake ni ndogo kuliko ya honi.

Tairi linafuata hapohapo, maana breki nzuri juu ya tairi kipara ni mapambo mengine tu. Hapa tena lile swali la kwanza linarudi: tairi la kashata kubwa huuma tope la mlimani vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa linagusa barabara kwa sehemu chache na kuteleza.

Halafu kuna sproketi. Dereva wa Kinole karibu kila mara huomba kubwa zaidi ya nyuma ili pikipiki ipande. Hesabu yake ni nyepesi: ya mbele ikiwa na meno 14 na ya nyuma 42, ya mbele huzunguka mara tatu gurudumu likizunguka mara moja, weka ya meno 45 upate mara 3.2. Nguvu inaongezeka, mwendo wa juu unapungua, na kwenye lami injini inalia zaidi. Lakini huyu dereva hupanda bila mzigo na kushuka na mikungu ya ndizi. Shida yake iko kwenye mteremko. Fundi mzuri hamkatalii; anamfungia baada ya breki, na sababu aliyonayo si ile ya mteja: ukishuka kwa gia ndogo, sproketi hiyo huifanya injini ishike zaidi, na ngoma hazichemki upesi.

Zamu ya taa inapofika, anaziwekea fyuzi na relei. Umeme wa pikipiki ndogo umepimwa kwa taa zake yenyewe. Ukiuongezea mzigo bila hesabu, betri inakufa na waya zinayeyuka chini ya tangi. Eksozi iliyotobolewa ili ingurume sitaisemea mengi. Kelele haipunguzi mlima.

Mwenye kufunga kila anachoombwa hupata hela zaidi siku hiyo. Huyu anayepanga foleni ya matengenezo hupoteza faida ya spotilaiti leo ili auze breki shuu. Akimaliza, anamwambia mteja arudi wiki ijayo. Waya mpya wa breki hulegea kidogo siku za mwanzo, lazima ukazwe tena, na kwa kazi hiyo hatozi kitu.