Daftari la Waziri wa Chakula

Mjukuu wangu anasoma chuo kikuu kimoja hapa nchini, mwaka wa pili. Likizo iliyopita alikuja kunijulia hali, na baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kula, alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne akanipa. "Babu, nagombea ubunge katika serikali ya wanafunzi. Hii ndiyo ilani yangu. Isome uniambie ukweli." Nikamwuliza anataka ukweli wa babu au wa mwalimu. Akasema wa mwalimu. Nikaenda kutafuta kalamu nyekundu.

Ilani ilikuwa ya ukurasa mmoja, rangi tatu, na picha yake amevaa koti lisilokuwa lake. Nalifahamu koti lile. Ni la baba yake. Neno "nitahakikisha" limetumika humo mara kumi na moja. Nitahakikisha huduma za bwalo zinaboreshwa. Nitahakikisha michezo inapewa kipaumbele. Nitahakikisha changamoto za mikopo zinafikishwa sehemu husika. Nilizungushia duara kila moja, hata ukurasa ukaonekana kama una tetekuwanga.

Neno hilo ni la mtu anayesimama kando mikono nyuma, akiwatazama wengine wakifanya kazi. Anayefua hasemi atahakikisha nguo zinafuliwa, anafua. Tena vitenzi vyote vilikuwa vya kutendwa: zinaboreshwa, inapewa, zinafikishwa. Nani aboreshe? Nani afikishe? Na hiyo "sehemu husika" iko jengo gani, mlango wa ngapi? Miaka yote niliyofundisha Kiswahili nilipambana na wanachuo waliojificha nyuma ya kauli ya kutendwa, na sasa naikuta imevaa koti la mwanangu.

Nikamwuliza maswali. Sahani ya wali maharage bwaloni kwenu ni shilingi ngapi? Alijua. Mwaka jana ilikuwa ngapi? Alijua pia. Nani aliyepandisha? Hakujua. Mkataba wa mwenye bwalo unakwisha lini? Hakujua, wala hakujua kama mwanafunzi anaruhusiwa kuuona. Nikamwambia basi hayo asiyoyajua ndiyo yaliyopasa kuwa ilani. Akanyamaza, kisha akasema, "Lakini babu, wenzangu wote wameandika hivyohivyo." Hapo alisema kweli, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Vyama vya wanafunzi vya nchi hii havikuanza na lugha ya namna hii. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Walikosea, kwa maoni yangu, na wengine walibeba mabango ya kusifu ukoloni, jambo la aibu kubwa miaka mitano tu baada ya Uhuru. Karibu 400 walifukuzwa. Lakini hakuna aliyehitaji kuuliza wanataka nini na kwa nani. Mwalimu Nyerere mwenyewe, pamoja na hasira zake, siku ileile alikata mishahara ya wakubwa akianza na wake, asilimia 20. Julai 1971 rais wa chama chao, DUSO, Mkenya aliyeitwa Akivaga, alimwandikia barua ya wazi Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, juu ya namna chuo kilivyokuwa kikiendeshwa. Barua ina mwandishi, ina mwandikiwa, ina jambo. Akachukuliwa na askari wa kutuliza ghasia, akarudishwa kwao Kenya. Na Jumapili ya tarehe 5 Machi 1978 wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza za maslahi ya mawaziri na wabunge. Waliofukuzwa walikuwa kama 350, na baada ya hapo DUSO ikapigwa marufuku. Ikaja MUWATA, chini ya mbawa za Chama.

Jumapili ile nilikuwa Mlimani. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye mke na watoto wawili, niliyekwenda kusoma baada ya kazi kama ilivyotakiwa tangu Azimio la Musoma la 1974. Nilibaki bwenini nikipiga pasi. Nayataja haya ili msomaji asidhani anahukumiwa na shujaa.

Haya, turudi kwenye maandishi, maana ndiyo kazi yangu. Wazee wenzangu wakitaka kuwasuta vijana wa leo hutaja Cheche, jarida la wanafunzi wa Mlimani lililotoka kwa mara ya kwanza Novemba 1969 na kupigwa marufuku Novemba 1970 pamoja na chama cha USARF kilichokuwa mmoja wa wazazi wake. Mzazi mwenzake alikuwa tawi la Umoja wa Vijana wa TANU hapo chuoni. Kuna haki ya kulisifu. Vijana wale, akina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walipiga chapa stensili kwa mikono yao, wakazungusha mashine ya kurudufia, wakauza wenyewe. Humo ndimo Issa Shivji, kijana mdogo, alimochapa mwaka 1970 uchambuzi wake wa matabaka nchini, na watu wazima wakalazimika kumjibu. Ndiyo huduma ya kwanza ambayo chama cha wanafunzi chaweza kuwapa wanafunzi, yaani mahali pa kuandika jambo lenye uzito na likajibiwa.

Lakini sifa zikizidi huwa tambiko. Cheche ina jina la Kiswahili na tumbo la Kiingereza. Mpishi wa bwalo la Mlimani, aliyewapikia waandishi wale uji wa asubuhi, asingeweza kusoma kwamba anatetewa. Hilo silitaji kama kosa dogo. Ukiandika juu ya mnyonge kwa lugha ambayo mnyonge haisomi, unazungumza na mabwana zake, hata kama unawatukana. Nimesoma kumbukumbu zao walizochapa Mkuki na Nyota mwaka 2010, kitabu kizuri, nacho pia kwa Kiingereza.

Kati ya koti la kuazima la mjukuu wangu na Kiingereza cha Cheche, ninalo andiko la tatu, nalo liko mezani hapa ninapoandika. Ni daftari la kurasa 96, jalada limefifia. Mwandishi wake alikuwa waziri wa chakula katika serikali ya wanachuo ya chuo cha ualimu nilichokiongoza, mwaka 1996. Vyuo vyetu vilikuwa na serikali hizo: rais, waziri wa chakula, wa usafi, wa michezo. Katiba yao niliiandika mimi, na majina ya wagombea yalipita mezani kwangu kwanza. Sikuona ubaya wowote.

Binti yule alikuwa mpole mno, tulimpa wizara ya chakula kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka. Baada ya wiki tisa alikuja ofisini, akaamkia, akaweka daftari mezani. Kila ukurasa una mistari iliyopigwa kwa rula. Safu ya kwanza tarehe. Ya pili idadi ya magunia ya maharage yaliyoingia stoo. Ya tatu uzito ulioandikwa kwenye hati ya mzabuni, kilo 100 kila gunia. Ya nne uzito alioupata yeye kwa mzani aliouazima chama cha ushirika cha kijiji: 88, 86, 89, 87. Kisha sahihi ya mpishi, sahihi yake, na nafasi ya sahihi ya mtunza stoo, ambayo ni tupu wiki zote tisa. Hakuna neno hata moja la kulalamika. Nimewahi kusahihisha insha maelfu juu ya uaminifu. Hakuna iliyonibana kifuani kama nafasi ile tupu.

Nikamwuliza: "Nani alikupa ruhusa ya kupima?"

Hilo ndilo lililonitoka. Akasema, "Mwalimu, nilidhani ndiyo kazi ya waziri wa chakula." Nikamsimamisha masomo wiki tatu kwa kuingilia kazi za utawala.

Msomaji atataka sababu, nami ninayo, ingawa sidai inatosha. Miaka ile fedha za chakula zilichelewa miezi miwili, hata mitatu, na mzabuni yule ndiye aliyetukopesha. Angekasirika akaondoka, wanachuo zaidi ya mia tatu wangelala njaa au ningefunga chuo. Kilo kumi na mbili katika kila gunia nilizihesabu moyoni kuwa riba. Baadaye, usiku mmoja, nilikwenda stoo na mlinzi tukapima wenyewe: 87. Nikazungumza na mzabuni faraghani, na magunia yakanenepa kidogo. Binti hakuambiwa. Wiki zake tatu ziliangukia kwenye mazoezi ya kufundisha, alama zake zikashuka, na cheti alichopata ni cha chini ya uwezo wake. Sijamwomba radhi hadi leo.

Kama mhakiki, bado lazima niseme kasoro ya daftari lenyewe. Lililetwa kwangu peke yangu. Halikusomwa kwenye baraza la wanachuo, mbele ya wale waliokula maharage yale. Lakini hapo kasoro inanirudia mwenyewe, maana katiba niliyoiandika ilisema baraza litaitishwa kwa idhini ya mkuu wa chuo. Niliwapa serikali yenye mawaziri saba na sikuipa mlango wa kuingilia ukumbini.

Ndiyo maana siwezi kuwacheka sana vijana wa leo. Tangu mfumo wa kuchangia gharama ulipokuja, na hasa tangu Bodi ya Mikopo ilipoanzishwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, sehemu kubwa ya kazi ya chama cha wanafunzi imekuwa kufuatilia bumu: nani amepata, nani jina halimo, nani hajasaini. Si kazi ya kudharau. Kijana asiyepata fedha hiyo hali. Ila humfanya kiongozi kuwa mpeleka maombi, na mpeleka maombi hujifunza lugha ya maombi. Na akiacha maombi akadai, hukumbushwa mahali pake: Desemba 2019 viongozi wa DARUSO waliipa Bodi saa 72 kuwalipa wenzao, wakasimamishwa masomo. Katika hali hiyo "nitahakikisha" si uvivu tu wa kuandika. Ni neno ambalo halijamsimamisha mtu masomo.

Hili sikulijua nilipokuwa nikizungusha duara zangu nyekundu. Limenijia usiku, mjukuu amekwisha lala, nikiwa nimelitoa daftari lile sandukuni. Mwalimu aliyewafundisha watoto wa watu kwamba kupima gunia ni utovu wa nidhamu hana haki ya kushangaa wajukuu wake wanapoandika kauli za kutendwa.

Asubuhi nilimrudishia ilani yake. Duara kumi na moja sikuzifuta. Chini nilimwandikia mambo ya kwenda kuuliza: mkataba wa bwalo una miaka mingapi, nani aliutia sahihi, bei hubadilishwa kwa kikao gani, mwanafunzi anakaa wapi katika kikao hicho, na ada ya chama cha wanafunzi inayokatwa kila mwaka huingia akaunti ipi. Akasema hayo akiyauliza atapendwa na watatu. Nikamwambia aanze na hao watatu, na wakiwa watatu aende nao, asiende peke yake ofisini kwa mtu.

Nilimsindikiza hadi kituo cha basi na njiani nikamnunulia daftari dukani. Alicheka, akasema siku hizi mambo yote yako kwenye simu, lakini alilitia begini. Hakuuliza kwa nini. Habari za yule waziri wa chakula sijamsimulia, atazisoma humu.